Kondoo Aliyekunywa Maji ya Madhabahu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa wenye mazizi makubwa, maneno haya huingia sikio hili yakatokea lile.

Katika kijiji kimoja cha Atika, huko Ugiriki ya kale, mtoto wa kiume hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka achinjiwe kondoo kwenye madhabahu ya Zeu, mungu wao mkuu, na wanaume wa ukoo waile nyama pamoja. Mwanaume wa ukoo mwenye pingamizi aliweza kumwondoa kondoo madhabahuni, na mtoto angebaki hana ukoo wala urithi. Vuli moja, Mzee Eumelo alimleta mjukuu wake Kairia, ambaye baba yake alifia vitani. Alimleta pia kondoo wake wa mwisho, jike aliyekonda hata mbavu zikahesabika.

"Mdogo! Mdogo!" wanaume walipiga kelele, kama walivyozoea kila kondoo alipopimwa uzito.

"Mzee, huyu ni kondoo au paka?"

"Mchuzi tutapata. Nyama tuazime wapi?"

Eumelo alicheka nao, huku akimsogeza Kairia karibu naye.

Timandro, binamu wa marehemu baba yake Kairia, hakucheka. Dume alilomletea mwanawe lilikuwa limekwisha kupimwa na kusifiwa sana. Tena Kairia akikataliwa, shamba la marehemu lingekuwa lake. Akaishika kamba ya yule jike.

"Kumpa Zeu mifupa ni dharau. Namwondoa!"

"Mwanangu Timandro," Eumelo alisihi, "maziwa ya huyu ndiyo yaliyomlea mtoto mama yake alipofariki. Sina mwingine."

"Hayo si yangu, mzee."

Kabla kuhani hajatamka neno, dume la Timandro lilichomoka, likatumbukiza kichwa katika beseni la maji matakatifu, likanywa mpaka likalamba shaba. Wote pale walikuwa wachungaji; walijua kondoo anayekunywa hivyo amelishwa chumvi, ajae maji, mizani ishuke. Timandro alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hatuchinji ili tushibe," kuhani alisema taratibu. "Tunakula nyama moja ili tuwe ndugu, Zeu akiwa shahidi. Wewe umemletea shahidi maji. Mzee Eumelo, pingamizi ni haki yako pia. Liondoe dume hilo."

Eumelo akaishika kamba ya dume. Mtoto wa Timandro akaangua kilio. Mzee alimtazama, akamtazama Kairia; alijua vyema kilio kile ni cha nini. Akamkabidhi kuhani kamba.

"Mtoto siye aliyelilisha dume chumvi. Achinjiwe."

Timandro akaiachia kamba ya jike, macho chini.

Jioni watoto wale wawili walikula sinia moja. Nyama ya jike ilikuwa ngumu kama kiatu, lakini ndiyo iliyogombewa. Timandro naye alinyoosha mkono kwa haya, na Eumelo akamkatia kipande kinono kuliko chake mwenyewe. Hakika, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.