Bi Mwanakombo na Shairi la Kisima

Paukwa!

— Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale, kabla bibi zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja. Jumbe Kingaru akakizungushia ua. Akateka yeye, wakateka jamaa zake. Wengine wakafuata maji mtoni, mwendo wa asubuhi nzima.

Kijijini humo aliishi Bi Mwanakombo, bibi wa mashairi. Kila aliyetunga alikwenda kwake, naye akamwonyesha shairi lilipopinda.

Basi siku moja mwanamke aitwaye Tatu alikuwa akitwanga. Twa! Twa! Twa! Mikono ikitwanga, mawazo yakaenda mbali, akaimba:

Naota macho ya wazi, mchi wangu mkononi,
Kisima chamwaga chozi, njooni nyote tekeni,
Ua wakatwa ja uzi, waanguka mchangani,
Naota, tena naota, hakuna wa kunihini.

Wimbo ukaenda, ukaenda, ukafika kwa Jumbe. Askari wake wakamkamata Tatu.

Baraza likajaa. Bi Mwanakombo akaitwa.

"Bibi, mashairi unayajua wewe," Jumbe akasema. "Waambie watu kwamba huyu anapanga kuvunja ua wangu. Ukishasema, namfukuza kijijini."

Bibi akasimama.

"Jumbe, kisima hakina macho. Tatu amekipa chozi kama mtu. Hiyo ni tashihisi. Na kwa nini kilie? Kina maji, na watu wana kiu. Ua kukatwa ja uzi, hiyo ni tashibiha, ameufananisha ua wako na uzi. Panga hakushika. Alishika mchi, akaota mchana."

Jumbe akacheka. "Aa! Kumbe ni ndoto za mtwangaji tu, maneno matupu! Sema hivyo, bibi, nimwachie aende zake."

Neno moja tu, na Tatu angelala kwake. Bi Mwanakombo akamtazama. Tatu akatikisa kichwa: la.

"Sisemi," bibi akasema.

"Husemi?"

"Sisemi! Mtu huota mchana kile alichohiniwa, alichonyimwa. 'Naota, tena naota.' Amelirudia neno, hiyo ni takriri, na hakulirudia kwa kukosa jingine. Amelirudia ujue kwamba haachi. Hiyo ndiyo maana yake, Jumbe, na mimi siipunguzi hata chembe. Ukimfukuza yeye, nifukuze na mimi!"

"Mnyamazisheni!" Jumbe akanguruma.

Askari hawakusogea. Mama zao nao walikuwa wakienda mtoni.

Tatu akainuka, akaimba mstari wa mwisho. Wanawake wakaupokea. Wakatoka barazani, wakaenda, wakaenda, wakaushika ua. Kacha! Kacha! Kachaaa! Ukalala chini. Wakateka hadi mitungi ikafurika.

Jumbe hakumsamehe bibi. Hakumwita tena barazani mpaka Jumbe mwenyewe alipokufa. Bibi hakujali. Watunzi waliendelea kubisha hodi kwake, na Tatu akawa wa kwanza kila asubuhi.

Basi wanangu, ukiulizwa maana ya maneno ya mwenzio, iseme yote. Usiikate nusu ili mkubwa afurahi, hata ukiahidiwa kwamba nusu hiyo itawaokoa nyote wawili.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakaye, na aibebe.