Firigisi ya Jogoo Mwekundu

Sogeeni, na mwenye cha kutafuna amalize kabisa. Hadithi hii ikifika mwisho mimi nitanyamaza, na ninyi ndio mtakaotakiwa kusema.

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa ufuta, huko bara ya Lindi, walikuwako majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bi Sinahili, muuza mafuta ya ufuta. Kipaji chake kilikuwa kipimo. Miaka arobaini alipima mafuta kwa kikopo kimoja, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amepunjwa. Wala hakuwahi kumzidishia mtu tone, hata binti yake wa kumzaa.

Wa pili alikuwa Zamda, msusi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kuna watoto wakiona kitana tu wanaangua kilio, lakini wakipakatwa na Zamda walisinzia, wakija kuamka wamekwisha kusukwa.

Wa tatu alikuwa Mzee Nandonde, aliyepiga kengele ya shule kwa miaka thelathini. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Kipaji chake kilikuwa wakati. Alikwisha kustaafu, lakini wakati haukumstaafisha. Akisema atakuja saa nne, akina mama walisonga ugali kwa kumwangalia yeye anapita.

Katikati yao aliishi Somoe, ambaye hakuwa na kipaji cha kutajwa barazani. Alikuwa mtu wa Newala, kaja pale kwa kuolewa na Hemedi, mama hayuko karibu, dada hayuko karibu. Bi Sinahili alikuwa jirani wa ubavuni, Zamda alikuwa wifi yake, na Mzee Nandonde alikaa nyumba ya kutazamana. Hao watatu ndio waliokuwa ndugu zake katika kijiji kile. Likumbukeni hilo, litamtesa baadaye.

Basi msimu wa kuvuna ufuta, mtoto wa Somoe, Shaweji, mwenye miaka minne, akashikwa na homa. Kikohozi kikafuata, kisha pumzi zikawa za haraka hata akiwa amelala tu. Somoe hakungoja. Alfajiri alimbeba mgongoni, akatembea mwendo wa saa nzima mpaka zahanati.

Muuguzi alimfunua kifua, akahesabu pumzi huku anatazama saa, akampima uzito. "Ni homa ya mapafu, mama Shaweji. Ila umewahi."

Akachukua chupa yenye dawa ya unga, akatia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kwenye alama, akaitikisa. Akampa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, na juu yake akachora mstari kwa kalamu kulingana na uzito wa mtoto. Kipimo cha kwanza alimnywesha yeye palepale.

"Cha pili leo saa moja jioni," akasema. "Kuanzia kesho, saa moja asubuhi na saa moja jioni, mpaka zitimie siku tano. Vipimo kumi kwa jumla. Tikisa chupa kila mara. Pima kwa bomba hili, usipime kwa kitu kingine. Na ukiona anapumua kwa shida zaidi, au hawezi kunywa, msingoje dawa iishe, mrudisheni."

Somoe alifunga chupa na bomba kwenye ncha ya kanga. Alipofika nyumbani aliketi uani, mtoto mapajani anahema, na hofu ikamzidi. Mbele ya Hemedi na wale majirani watatu waliokuja kumjulia hali mtoto, akaweka nadhiri. "Mungu wangu, huyu akinyanyuka, yule jogoo mwekundu namchinja. Na firigisi ataila yule aliyemponya mwanangu."

Hemedi aligeuka. Mnajua wenyewe, kuku akichinjwa firigisi ni ya mwenye nyumba. Hemedi alikuwa hajawahi kuikosa tangu aoe. Lakini alimtazama mwanawe, akasema polepole, "Na iwe hivyo."

Haya, sasa tuanze kuhesabu nani alifanya nini.

Somoe alipofungua ncha ya kanga, chupa ilikuwamo, bomba halimo. Limedondoka njiani. Alitaka kulia, kisha akajipa moyo. Akachukua kijiko cha chai, akiweke tayari kwa jioni. Dawa ni dawa, na kijiko ni kijiko, alijisemea.

Bi Sinahili alikuwa kibarazani pake, akamwona. "Mwanangu, utampimia mtoto kwa hicho?"

"Bomba limepotea, mama. Kijiko hiki si kikubwa."

Bi Sinahili hakubishana naye. Alikwenda nyumba tano, akarudi na vijiko vitano vya chai, akavipanga kwenye sinia. Kila kimoja akakijaza mafuta, kisha akakimimina kwenye kikombe chake. Vikombe vitano, na hakuna viwili vilivyolingana. Kimoja kilikuwa karibu mara mbili ya kingine.

"Ukimpunja, ugonjwa hautoki. Ukimzidishia, unamdhuru," akasema. Kisha akainua chupa kwenye mwanga. "Na tazama hapa chini, unga umekaa. Usipotikisa, siku za mwanzo utampa maji matupu, na siku za mwisho utampa makali yote. Mafuta yangu nayo yana mashapo. Nayajua mambo haya."

Goti la Bi Sinahili lilikuwa na uvimbe tangu masika. Hata hivyo alijifunga kanga kiunoni, akaenda zahanati kwa miguu na kurudi, jua likiwa kali. Kabla ya saa moja jioni alikuwa amerudi na bomba jipya lenye mstari wa kalamu, na usoni amekauka chumvi ya jasho. Chupa akaiweka kwenye chungu kidogo alichokitumbukiza nusu katika mchanga uliomwagiwa maji, nyuma ya mtungi wa Somoe, mahali penye ubaridi na pasipofikika na mkono wa mtoto. Tangu jioni ile, kila kipimo alikivuta yeye kwa mkono wake, macho yakiwa sawa na mstari.

Kipimo kikawa tayari, lakini mtoto hakuwa tayari. Shaweji alikumbuka uchungu wa asubuhi, akafunga mdomo na kugeuza uso ukutani. Somoe alibembeleza, akatisha, akashindwa. Mwisho akafanya kama alivyofanyiwa yeye utotoni. Akamlaza chali mkekani, akambana pua, akainua bomba.

"Wifi, acha." Zamda alikuwa amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Hataki kunywa, wifi. Nifanyeje?"

"Hivyo ulivyombana, akivuta pumzi dawa inaingia njia ya hewa. Nimeshuhudia mtoto akipaliwa hivyohivyo kwa uji. Kifua chenyewe ndicho kinachoumwa, wifi yangu, usikiongezee."

Akaketi, akamweka Shaweji mapajani wima, mgongo wa mtoto kifuani pake, mkono mmoja umemzunguka kama anavyowashika wanaosukwa.

"Ni pipi?" mtoto akauliza.

"Si pipi. Ni dawa, na ni chungu. Shangazi hakudanganyi. Lakini tutainywa kidogo kidogo, nawe utainua mkono, unihesabie kwa kidole mistari ya nywele zangu."

Akapitisha ncha ya bomba pembeni ya mdomo, ndani ya shavu, akasukuma kidogo, akangoja ameze. Mstari mmoja. Akasukuma tena. Mstari wa pili. Walipofika mstari wa saba bomba lilikuwa tupu, na hakuna tone lililotemwa. Somoe alikaa pembeni, anaona haya.

Wiki hiyo kulikuwa na harusi kijijini na wanawake walipanga foleni kwa Zamda. Ikikaribia saa moja aliwaacha wote. Mara mbili bi harusi mwenyewe alikaa kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama, huku shangazi zake wanamsema Zamda kwa maneno ambayo hapa sitayarudia. Hakuna kipimo ambacho Zamda alikikosa.

Mzee Nandonde kazi yake ilikuwa hodi. Kila asubuhi na kila jioni, saa moja haikupita hata kwa dakika mbili, fimbo yake iligonga mlango. "Bibie, wakati." Akishanywa mtoto, mzee alichora mstari wa mkaa kwenye mwimo wa mlango, na kile kipimo cha zahanati alikwisha kukichorea wake. Hakuwa akisema zaidi ya hapo, na siku tatu za mwanzo Somoe aliona ni uzee tu unamsumbua.

Asubuhi ya siku ya nne Shaweji aliamka hana homa. Aliomba uji, akaumaliza, akatoka mbio kupanda rundo la ufuta uani. Somoe alimtazama mpaka machozi yakamtoka. Wakati huohuo akaja mama Rukia, jirani wa nyuma, na mwanawe anakohoa.

"Wako naona kapona," mama Rukia akasema. "Dawa iliyobaki nisaidie, dada. Mwenzio sina nafasi ya kwenda zahanati, ufuta unapukutika shambani."

Somoe hakuwa na roho ya kusema hapana. Aliyajua mahangaiko yale. Aliingia ndani, akaitoa chupa chunguni, na alikuwa anatoka nayo wakati fimbo ilipogonga.

"Bibie, wakati."

"Amepona, babu. Nampa mwenzangu kilichobaki."

Mzee Nandonde aliangalia mwimo wa mlango. "Mistari sita. Muuguzi alisema vipimo kumi." Kisha akakaa kizingitini, akanyoosha miguu, mlango ukawa hauna pa kupita. "Mjukuu wangu wa kwanza naye alipona siku ya tatu. Tukafurahi, tukaiacha dawa. Wiki haikuisha, ugonjwa ulirudi na nguvu kuliko mwanzo. Tulimpeleka hospitali ya mkoa akapona, lakini sikio la kushoto halisikii hadi leo. Akija kunisalimu namwitia upande wa kulia."

Akamgeukia mama Rukia. "Na wako, mama, hajapimwa. Hatujui anaumwa nini wala ana uzito gani. Mpeleke. Ufuta wako nitakuvunia mimi."

Mama Rukia aliondoka amekasirika, na hasira yote akamtupia mzee. Mtoto alimpeleka zahanati, lakini hata baada ya mzee kumvunia ufuta siku nzima, salamu yake hakuipokea tena. Mzee aliendelea kugonga mlango mpaka mstari wa kumi ukachorwa.

Siku ya sita muuguzi alimsikiliza Shaweji kifua, mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi. Dawa kidogo iliyosalia chupani akaichukua yeye. Somoe akarudi nyumbani akamkamata jogoo mwekundu.

Wali ulipakuliwa kwenye sinia, na mchuzi wa nazi ukawa unanukia mpaka barabarani. Wageni watatu walikaa kwenye jamvi, wamekaa mkao wa kula, na kila mmoja ameisikia nadhiri.

Hemedi ndiye aliyeanza uchokozi. "Mimi nimeshajitoa. Sasa niambieni nani kaniibia firigisi yangu."

"Mimi," Bi Sinahili akasema bila kusita. "Bila kipimo, ile chupa ingekuwa ama maji ama sumu."

"Kipimo kilichotemwa mkekani, mama yangu, kinamponya nani? Sisimizi?" Zamda akacheka. "Mimi ndiye niliyekifikisha tumboni."

"Na kilichofika tumboni siku tatu kikaachwa?" Mzee Nandonde akauliza.

Kila mmoja aliona mwenzake kasema kweli.

"Ikatwe vipande vitatu, yaishe," Hemedi akasema.

Bi Sinahili akatikisa kichwa. "Firigisi ikikatwa inakuwa nyama tu. Na nadhiri ilisema yule, haikusema wale."

Jikoni, Somoe alisimama na upawa mkononi, firigisi imo ndani ya upawa. Alisikia kila neno. Alipenyeza jicho mlangoni. Bi Sinahili alikuwa anasugua goti. Zamda kitana bado kiko kichwani. Mzee Nandonde anatazama saa, na nyuma yake mama Rukia anapita bila kumsalimu.

Moyo ulimuuma. Mara tatu mkono wake mwenyewe nusura umdhuru mwanawe, na mara tatu mkono wa mtu mwingine uliuzuia. Angekosekana mmoja tu kati yao, jamvi hilihili lingetandikwa, na watu hawahawa wangekaa, lakini wangekuwa wamekaa matanga. Na sasa anatakiwa amchague mmoja, wawili awaambie kwa firigisi kwamba walichofanya kilikuwa pungufu. Hao ndio mama na dada na babu aliokuwa nao.

Shaweji akaingia mbio, magoti yana vumbi, akamvuta kanga. Akachungulia ndani ya upawa.

"Mama, hiyo ya nani?"

Somoe alijifuta macho, akatoka uani na upawa wake, akasimama mbele ya sahani tatu.

Hapo ndipo mimi nilipoahidi kunyamaza. Jogoo ameiva, nadhiri ilitamkwa mbele ya watu, na wali unapoa. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayejificha kule nyuma, semeni: ungekuwa Somoe, ungeiweka sahani ya nani?