Dawa Ndogo ya Bibi Nyanzobe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, msikie. Hapo kale, kale hasa, palikuwa na kijiji kando ya ziwa la chumvi. Kiangazi kikifika maji yanakauka, chumvi inabaki. Nyeupe! Nyeupe mpaka macho yanauma. Watu wakatoka na vibao vyao, wakakwangua. Kwaru, kwaru! Kwaru, kwaru! Jua liko juu, chumvi iko chini. La juu linachoma, ya chini inalirudisha usoni.

Katika kijiji hicho aliolewa mwanamke aitwaye Kalunde. Kalunde alizaliwa na ualbino: ngozi nyeupe, nywele rangi ya majani makavu. Mumewe alimpenda. Jua halikumpenda. Siku ya kwanza alipokwenda ziwani na wenzake, alirudi mabega yamevimba, midomo imepasuka, hawezi hata kulalia mgongo.

"Kaa nyumbani, mwanangu," mama mkwe akamwambia.

Akakaa. Lakini mwanamke asiyekwenda ziwani hakuhesabiwa pale kijijini. Wenzake wakipiga soga kisimani, Kalunde akitokea, kimya! Akiondoka, soga linaanza upya. Kalunde akawa anateka maji huku analia.

Ndipo akamwendea Bibi Nyanzobe. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mganga wa majani, mwenye sauti ya chini, hata ilibidi umsogelee ndipo umsikie.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakuchoma hivi?"

"Jua, Bibi."

Bibi Nyanzobe akamtazama mabega, akamtazama shingo. Kisha akaenda miambani, kwenye chemchemi, akachuma kangaga, majani yale yanayoota mahali penye unyevu, yasiyolijua jua. Akayachemsha. Tokota, tokota! Akampa kibuyu.

"Kunywa kila asubuhi. Ni chungu, lakini inaingia ndani na kuipa ngozi nguvu kidogo. Jifunike kaniki, kichwa mpaka mikono. Nenda alfajiri, jua likikaza rudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kalunde akanywa. Chungu! Akakunja uso, akanywa. Akajifunika, akaenda alfajiri, akarudi mapema. Kwaru, kwaru! Siku zikapita, malengelenge yakakauka. Sasa akifika kisimani anasogezewa nafasi, anaulizwa, "Kalunde, umeamkaje?" Mwanamke akarudi nyumbani anaimba.

Habari zikamfikia Lugembe, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, yeye aliyepiga baragumu la kwenda kazini na la kurudi. Akafikiri: Ikiwa Kalunde jua halimchomi, litamchoma nani tena? Wafanye kazi mchana kutwa, chumvi ijae maghalani!

Akamwita Bibi Nyanzobe mbele ya watu. "Bibi, pika vyungu vikubwa. Watu wote wanywe. Kuanzia sasa hakuna kurudi adhuhuri."

"Mwanangwa, dawa yangu haiwezi jua la adhuhuri."

"Kwa Kalunde imeweza!"

"Kwa Kalunde imesaidiana na nguo, na saa ya kurudi."

Lugembe akacheka. "Wazee kwa kujishusha! Pika, Bibi."

Bibi akagoma. Lugembe akawatuma wengine wakachume, wakapika wao. Asubuhi watu wakanywa, wakatoka. Na Lugembe akamwambia Kalunde, "Wewe tangulia. Wakikuona wewe hawataogopa."

Enhe! Kalunde, ambaye jana hakuhesabiwa, leo ndiye wa mbele. Moyo ukamjaa. Jua likapanda, akabaki. Joto likazidi, kaniki ikamlemea. Wanawake wakamtazama. Kalunde akaivua, akaitupa kwenye chumvi.

Kwaru, kwaru! Kwaru... Kibao kikamponyoka. Pu! Akaanguka.

Wakambeba. Mabega yake yalikuwa mabichi kama nyama iliyochunwa. Na wengine pia, weusi kwa ngozi zao, walirudi vichwa vinagonga, shingo zinawaka.

Jioni kijiji kikakusanyika. Lugembe akasema, "Dawa ni nzuri. Mtu amevunja mwiko wake. Ni nani aliyeanguka kwanza? Kalunde! Kaiharibu dawa. Arudishwe kwao."

Kalunde alikuwa amelala kwenye mkeka, anasikia yote. Akafumba macho akamngoja Bibi, maana neno la Bibi ndilo lingemaliza. Na kwa Bibi njia ilikuwa rahisi: angesema ndiyo, na jina la dawa yake lingebaki safi.

Bibi Nyanzobe akasimama. Watu wakasogea wamsikie.

"Hakuna mwiko uliovunjwa. Dawa yangu ni ndogo."

Watu wakaguna. Mmm!

"Ni ndogo," akarudia. "Inasaidia, haizuii. Mwanangwa, kama huniamini, kesho adhuhuri twende ziwani mimi na wewe. Kunywa kibuyu kizima."

Kesho yake wakaenda, kijiji kizima nyuma yao. Lugembe akanywa kibuyu, gugugu! Akavua shuka lake la mabegani, akasimama kwenye chumvi. Bibi akasimama kando yake. Jua likawapiga. Jasho likamtiririka Lugembe, tiri, tiri! Akageuka huku, akageuka kule. Mkono wake ukaokota shuka, ukamfunika kichwa, na mwenyewe hana habari.

"Mwanangwa," Bibi akauliza polepole, "mbona unajifunika, na dawa umekunywa?"

Lugembe akashika shuka, akaduwaa. Hakuna aliyecheka. Walimwona Bibi naye anayumba, mzee wa watu, paji la uso limewaka kwa ajili ya mke wa mwenzao. Lugembe akalivua shuka, akamfunika Bibi, akamshika mkono, wakarudi.

Tangu hapo baragumu lilipigwa alfajiri, likapigwa tena jua likipoa. Adhuhuri watu walikaa kwenye vibanda vya matete. Kalunde akapona, ila bega moja likabaki na kovu. Hakurudishwa kwao.

Bibi Nyanzobe alipofariki, Kalunde ndiye aliyechuma kangaga. Siku moja akaja msafiri wa mbali, akamuuliza, "Nasikia dawa yako inazuia jua?"

"Inasaidia," Kalunde akajibu. "Kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu. Na lazima ujifunike."

Msafiri akasonya, akaenda zake. Kalunde akamtazama mpaka akapotea, akarudi jikoni kukoroga chungu chake.

Basi wenzangu, mganga wa kweli hupimwa hapo: anakuambia dawa yake inaweza nini, na inaishia wapi, hata kama ukweli huo utampunguzia sifa. Nami hadithi yangu naitua hapa.