Nyati Aliyesema Nimeshapoa

Hapo zamani za kale, wakati nyati walikuwa bado wanajenga nyumba na kuweka baraza mbele, alikuwepo nyati mmoja aliyependa kuugua. Wewe huko nyuma, acha kutafuna muwa, husikii! Nimesema aliyependa kuugua. Cheka baadaye.

Majirani walimwita Baba Tunu, kwa sababu ya binti yake, ndama aliyeitwa Tunu. Siku moja alikuwa akipigana mieleka na mwenziwe kwenye tope la mtoni, akateleza. Puu! Goti la kulia likapinda vibaya, likavimba likawa kubwa kama boga.

Akaitwa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo kanakokaa kwenye mawe ya kilimani. Hakana pembe, hakana mkia, lakini viganja vyake ni laini ajabu. Kazi ya Bi Pimbi ilikuwa kukanda viungo. Akapanda juu ya mguu wa Baba Tunu, akalikanda lile goti kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, mpaka uvimbe ukaisha.

"Sasa, Baba Tunu," akasema, "iliyobaki ni kazi yako. Asubuhi, kabla ya uji, kunja goti, kunjua. Kunja, kunjua. Kaa, inuka. Jioni tembea mpaka kisimani na urudi. Goti likilala sana litakakamaa."

"Hayo tu? Ondoa shaka, Bi Pimbi!"

Akafanya? Thubutu! Alijinyoosha kwenye mkeka pale barazani, kazi yake ikawa kupokea pole. Akaja Bi Swala na bakuli la uji. Akaja Mzee Ngiri na mihogo ya kuchoma. Akaja Punda Milia na kunde zilizoungwa kwa nazi.

"Pole sana, jirani!"

"Aah, nimeshapoa," anajibu Baba Tunu kwa sauti ya kufa kufa, kisha anavuta bakuli. Nyam, nyam, nyam!

Nanyi mnajua adabu yetu. Mtu akikwambia pole, unamjibu umeshapoa, hata kama mguu unaning'inia. Ni adabu tu, si habari.

Bi Pimbi akija humuuliza, "Umefanya?"

"Nimefanya mpaka jasho limenitoka!"

Bi Pimbi analigusa goti. Kavu, gumu. "Goti linasema hukufanya."

"Kwani goti lina mdomo? Sikiliza, Bi Pimbi, tusigombane. Kazi yako kukanda, kazi yangu kukandwa. Haya, panda ukande!" Na mguu huo anaunyoosha, utadhani anamtunuku.

Basi kiangazi kikaja. Mto ukawa matope, matope yakawa vumbi. Na desturi ya nyati ni hii: majani ya bondeni yakiisha, kundi zima hupanda kilima, likateremkia upande wa pili penye bwawa. Kila mmoja hupanda kwa miguu yake. Nyati habebwi, nani ambebe?

Simba nao walikuwa wameshaanza kupita pita pale barazani. Walikuwa na heshima hao!

"Shikamoo, mzee wetu! Goti linaendeleaje?"

"Marahaba, wanangu. Nimeshapoa, nimeshapoa."

"Pole sana. Usihangaike kutembea, mzee. Wewe pumzika tu!"

"Vijana wenye malezi mema," Baba Tunu akamwambia mkewe. Mama Tunu akamvuta Tunu ndani, akafunga mlango.

Kulipokucha alipanda kilimani kwa Bi Pimbi huku analia.

"Bi Pimbi, mwenzio nimeshindwa. Nikimwambia ainuke ananiambia namsumbua mgonjwa. Kundi likiondoka, mimi siwezi kumwacha. Na Tunu hataniacha mimi. Tutabaki wote watatu na wale simba."

Wapo waliomwambia Bi Pimbi, "Achana naye, kayataka mwenyewe." Hakuwasikiliza. Uchungu ulimpanda, akakunja uso.

"Goti lile nimelikanda kwa viganja vyangu hivi. Nimesema atapanda, atapanda! Hebu niambie, akipewa pole anajibuje?"

"Si anajibu nimeshapoa, kama watu wote."

"Vizuri. Basi zima moto jikoni kwako. Usipike chochote mpaka nikwambie."

Bi Pimbi akateremka mbio, tu-tu-tu-tu, nyumba hadi nyumba. "Jamani, mmesikia? Baba Tunu amepoa!"

"Nani kasema?" akauliza Mzee Ngiri.

"Kasema mwenyewe! Wewe hakukwambia?"

"Eh! Kweli, jana tu kaniambia."

Bi Pimbi akacheka, kisha akamnong'oneza kila mmoja neno sikioni.

Asubuhi yake Baba Tunu akatandika mkeka, akajilaza, akakohoa. Kho! Kho! Kimya. Akakohoa tena. Mara Bi Swala akapita na chungu cha uji kichwani.

"Hongera, jirani!"

"Hongera ya nini?"

"Ya kupoa! Si uliniambia mwenyewe? Au ulinidanganya?"

Baba Tunu akakitazama kile chungu. Aseme nini? Aseme hajapoa? Amrudishie mwenzake pole yake usoni, na uji wake ameshaunywa? Aibu iliyoje!

"Ni... ndiyo. Nimeshapoa. Lakini uji huo unakwenda wapi?"

"Kwangu. Mgonjwa hupelekewa, mzima hualikwa. Karibu sana!" Akaenda zake.

Tumbo likalia ngurrr. "Mama Tunuuu!"

"Moto umezimika, Baba Tunu! Na sisi tumealikwa kwa Bi Swala!"

Akainuka. "Aaah! Uuuwi! Mama yangu!" Akaenda akichechemea, anashika ukuta, anashika mti, mpaka kwa Bi Swala.

"Karibu kigoda, shemeji."

Kigoda chenyewe kifupi. Baba Tunu akakunja goti. Kriik! Akakaa. Hajashika bakuli, Bi Swala akasema, "Samahani, shemeji, inuka kidogo, mwiko wangu uko chini ya kigoda."

Akainuka. Akakaa.

"Jamani samahani tena, inuka nifagie hapo."

Akainuka, akakaa. Uji aliunywa na jasho lake.

Kesho yake Bi Swala hakupika. Uji ulikuwa kwa Mzee Ngiri, ng'ambo ya kisima. Huko nako kigoda, na kofia ya Mzee Ngiri ikapotelea chini yake mara kadhaa. Halafu chakula kikahamia kwa Punda Milia, pale kilima kinapoanzia, na vifaranga wa kuku aliofuga Punda Milia walipenda mno kuingia chini ya kigoda.

"Mtaa huu hauna adabu!" alinguruma Baba Tunu. "Mgeni hakai akatulia!" Lakini alikuwa anakunja, anakunjua.

Usidhani ilikuwa mchezo tu. Siku moja alikaa njiani akalia kweli, machozi yakamtiririka. Mama Tunu alikuwa nyuma ya kichaka pamoja na Bi Pimbi, akataka kumkimbilia na bakuli. Bi Pimbi akaudaka upindo wa khanga yake.

"Usiende."

"Anaumia!"

"Naona. Unadhani mimi sina moyo? Lakini hayo ni maumivu ya goti linalofunguka. Ukimpelekea leo, kesho hatainuka. Ngoja."

Wakangoja. Baba Tunu akapangusa kamasi, akaegemea mti, akainuka. Mama Tunu akamshika Bi Pimbi mkono kwa nguvu.

Siku ikafika. Kundi likakusanyika bondeni, vumbi likatimka. Baba Tunu, yeye na njaa yake, akafika kwa Punda Milia. Hakuna kigoda, hakuna chungu.

"Leo tumealikwa kwa Bi Pimbi," akasema Punda Milia. "Juu kabisa. Magimbi ya nazi."

"Juu kule? Na goti hili?"

Upepo ukateremsha harufu. Baba Tunu akameza mate. Akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza. Mama Tunu na Tunu wakatangulia, kundi likafuata nyuma.

Kule chini simba wakatokea mbio. "Mzee! Mzee wetu! Unakwenda wapi na goti hilo? Rudi upumzike!"

"Niacheni, nina njaa!" akajibu Baba Tunu, akapanda. Kwata! Kwata! Kwata! Akapumzika, akapanda tena, mpaka akafika juu anahema.

Bi Pimbi alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya chungu. "Karibu, Baba Tunu. Uliposema umeshapoa, nami nikawatangazia watu."

Baba Tunu akatoa macho. "Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyenikatia uji! Uliyenihangaisha na vigoda! Kadudu kadogo kama wewe! Leo nakukanyaga!"

Akainua mguu wa kushoto juu, juu kabisa. Kundi zima likapiga yowe.

Bi Pimbi hakusogea hata kidogo. "Nikanyage. Lakini kwanza niambie, umesimamia mguu upi?"

Baba Tunu akatazama chini. Mwili wake wote mzito ulikuwa juu ya goti la kulia, nalo limenyooka, halitetemeki.

"Baba!" Tunu akapiga kelele. "Umesimamia ule mbovu!"

Kicheko kikapasuka, kwa-kwa-kwa! Baba Tunu akaushusha mguu polepole. Akageuka akawaona simba kule bondeni, wamekaa wanatazamana. Akamwona mkewe, akamwona Tunu. Hasira ikamwisha, akaona haya. Kisha akauliza neno ambalo hakuwahi kuliuliza tangu aanguke.

"Bi Pimbi, na kesho goti hili nilifanyie nini?"

Basi, watoto, mshike hili: mganga anaweza kukukanda mwili mzima, lakini kuinuka utainuka mwenyewe.