Neno la Fisi Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Migongo ipo?

Ipo, imepinda!

Basi kaeni wima, shingo juu, kama watu wenye kwao.

Hapo kale palikuwa na ukame, na kisima kilichobaki na maji ni kimoja tu. Fisi akakimiliki. Asubuhi kajikunja ukingoni, jioni kajikunja ukingoni, anamngurumia kila anayekuja na kibuyu. Alijigamba kwamba neno la Fisi likitoka halirudi: amesema hampati, basi hampati.

Lakini ukijikunja sana, mwili nao huzoea kujikunja. Shingo ikakakamaa, ka! Mgongo ukalia, ko! Ikawa Fisi hawezi kutazama kushoto wala kulia.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto shimoni, ndimi zimewakauka. Naye alikuwa mchuaji, si wa kubahatisha. Alikulia chini ya sakafu ya tabibu wa Kihindi, akajifunza tiba yao ya Ayurveda kwa kuchungulia kwenye ufa: mafuta ya ufuta yapashwe moto, yatiwe manjano na tangawizi, kisha vidole vishuke taratibu toka kisogoni hadi kiunoni. Mungu alimpa mikono midogo, naye akaionea fahari bila kuficha.

Akawaambia wenzake wamfuate na vibuyu, wanyamaze, wasikilize.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kwa maji. Nimekuja kwa shingo."

Fisi alitaka kutikisa kichwa, shingo ikakataa. Basi akalala kifudifudi, kisima nyuma yake, mkia kauacha ukingoni uwe mlinzi. Nguchiro akampaka mafuta ya vuguvugu, pwata pwata, akachua kidogo, akaacha. Fisi akauliza mbona ameacha.

"Mimi simchui mtu bila idhini yake. Sema kwa sauti, mzee. Nichue?"

"Chu..." akaanza Fisi.

Papo hapo Nguchiro akabonyeza penye fundo.

"...ku!" akaguna Fisi. "...a!"

Nyuma, wenye vibuyu wakaitikia kwa adabu, "Ahsante, mzee." Vibuyu vikazama, gubu gubu gubu.

Nguchiro angeweza kukimbia. Hakukimbia, kazi yake haiachwi nusu. Akachua, akachua, mpaka pingili ya mwisho ikasema tak, na Fisi akageuza shingo vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza tangu ukame uingie. Akawaona wote wanaondoka na maji.

"Nilisema chua," akalalama.

"Ulisema chukua," wakajibu. "Na neno la Fisi halirudi."

Bi Nguchiro akajitwika kibuyu chake, shingo wima, hata tone halikumwagika, akaenda kuwanywesha wanawe. Fisi akarudi kujikunja, kulinda tope, na mgongo wake umeteremka hivyo hivyo hadi leo.

Hadithi imelala, sisi tumenyooka. Funzo lake: mwenye mali asikubali kutibiwa, atapona halafu aone.

Na wewe uliye karibu na chupa ya ufuta, tafadhali, nipashie kidogo unichue hapa begani.