Funda Moja la Maji

— Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni!
— Ina moshi machoni!
— Iingie hivyohivyo!

Basi hapo kale, wajukuu zangu, kale sana, wanyama walikuwa na baraza moja. Hamna viti, hamna mikeka. Tope tu. Kabla ya kushauriana, kila mnyama anakwenda kwenye kijichemchemi cha mwambani, anabeba funda moja la maji, anakuja kulitema barazani. Nyati funda moja, panya funda moja. Udongo ukilainika, anayekubali anakanyaga huku, anayekataa anakanyaga kule. Mguu mmoja, alama moja.

Na juu ya jabali walikuwa na chuo. Kijana akishafundwa na mama yake, anapanda kwa Mwalimu Korongo, hadaiwi kitu. Digidigi naye akapanda, miguu kama vijiti. Alitaka kuujua moto wa nyikani, maana baba yake aliungulia humo.

"Moto una masomo matatu," Korongo akamwambia. "La kwanza, unatoka wapi. La pili, unakwenda wapi. La tatu, tufanye nini ukishafika."

Digidigi akajifunza la kwanza. Akajifunza la pili. Pua yake ikawa inausoma upepo.

Ndipo akaja Nyegere, mwenye mizinga yote ya nyikani. "Jamani, paa la chuo linavuja. Nalitengeneza, sitaki kitu." Vigelegele! Akaja tena. "Jamani, walimu wana njaa. Nawalisha, sitaki kitu." Vigelegele! Akaja mara ya tatu, asali inamchuruzika viganjani. "Jamani, sasa nataka kitu kidogo tu. Anayetoa zaidi, akanyage zaidi. Si haki?"

Nyani akalamba kidole. "Haki kabisa, bwana! Kwani wewe Ngiri umetoa nini?"

"Nimetoa maji."

"Maji! Hata mawingu yanatoa maji!"

Wakakanyaga. Kila mmoja alama moja, na wengi wakakanyaga upande wa kukubali. Kwa miguu yao wenyewe, wajukuu zangu, hakuna aliyewashika. Digidigi na mama yake walikanyaga kule kwa wanaokataa, vialama viwili kama matone ya mvua. Nyati akavifuta akiiwahi asali.

Baraza lililofuata Nyegere akakanyaga, akakanyaga, akakanyaga, tope lote likawa yeye. "Kuanzia leo chuoni linafundishwa linaloleta asali. Asiye na sega mkononi asipande."

"Na moto?" Korongo akauliza.

"Mwalimu, nani ananunua upepo?"

Wakamfukuza Korongo. Vijana wakawa wanafundishwa kuwasha vijinga vya moto, wawatimue nyuki kwa moshi. Basi.

Digidigi akamkimbilia Korongo. "Mwalimu, somo la tatu! Niambie hapahapa!"

"Hilo hafundishwi mmoja, mwanangu. Linafundishwa barazani, wote tukiwa ndani ya tope." Akaruka zake.

Digidigi akaenda barazani. Kimya. Nani abebe maji kwa ajili ya mguu wa Nyegere? Udongo umekauka, umepasuka nyufa za kuingia kwato. Tangu hapo akila, ananusa. Akinywa, ananusa. Mama yake akimwambia, "Tulia, mwanangu," ananusa.

Kiangazi kikaja. Vijana wa chuo wakasahau kijinga chini ya mzinga. Digidigi akanusa, akaruka juu. "Moto! Unatoka mizingani! Unakuja huku!"

Wote wakamgeukia. "Twende wapi?"

"Sijui! Hapo sikufika!"

Akakumbuka lile neno: ndani ya tope, wote. Akakimbia mwambani, akabeba funda, akalitema kwenye nyufa. Chwii! Likanywewa. Akarudi.

"Unamwagilia maua?" Nyani akacheka, huku anakohoa.

Mama yake akabeba funda. Ngiri akabeba. Nyati akabeba. Nyegere akasimama katikati. "Udongo huu wangu!" Hakuna aliyemjibu. Midomo ilikuwa imejaa maji. Mkia ulipoanza kumuungua, naye akakimbilia chemchemi.

Udongo ukawa tope, wakalala humo, mgongo kwa mgongo. Moto ukapita unanguruma. Chuo kikaungua chote. Na tope halikuwatosha wote, wajukuu zangu. Nyani hakuonekana tena.

Korongo akarudi, akafundisha juu ya majivu, bure kama zamani. Mguu mmoja ukawa tena alama moja. Lakini mvua ilipoanza, Nyegere huyo, na kibuyu kwapani. "Jamani, chuo hakina paa. Nalijenga, sitaki kitu."

Wengine wakameza mate. Digidigi akanusa.

Ndiyo maana mpaka leo digidigi ana weusi chini ya jicho: ni masizi ya siku ile. Na pua yake haitulii.

Nanyi chuo chenu na baraza lenu msimwachie mwenye asali. Kila mtu apeleke funda lake, hata kama ni dogo.

— Hadithi inatoka!
— Iende salama!

Haya, koo langu limekauka. Kila mmoja aniletee maji. Kwa kikombe lakini, si kwa mdomo!