Gari la Mbaghani Lililonyamaza kwa Fundi

Debe tupu huvuma, gari tupu hunyamaza.

Ndivyo alivyojibu mama Nietiwe jana, alipoambiwa kwamba mchumba wa binti yake ni kijana mpole ambaye hajapata kusikika akifoka. Nyinyi mkacheka. Mkasema mama wa watu kachanganya mambo, methali ya debe inajulikana, hilo gari kalitoa wapi? Haya, sogeeni. Nusu ya kwanza mmeikuta, na babu zenu waliikuta. Nusu ya pili ilizaliwa Mbaghani, kule juu milimani Upare, siku ambayo karibu kila mtu alikuwa amenuna. Mambo yalikwenda hivi.

Wakulima wa tangawizi wa Mbaghani walikuwa na gari la chama, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu barabara yao haikukubali gari la aina nyingine. Hata hilo lenyewe ililikubali shingo upande. Dereva wake aliitwa Tuvako, mtu mzima mwenye mke na watoto, mpole kiasi kwamba watu walimsahau akiwa katikati yao. Ukimkanyaga dukani, yeye ndiye aliyeomba radhi kwa kuweka mguu mahali pabaya.

Kazi yake ilikuwa kuteremsha tangawizi hadi tambarare. Aliteremka peke yake, magunia yakiwa yamegusa turubai, maana chama kilikuwa kimepiga marufuku abiria juu ya mzigo. Jioni alipanda na sabuni na chumvi za wenye maduka, na watu wachache waliokwenda kuona ndugu zao. Kwa hiyo gari likiwa zito, aliyelisikia ni Tuvako tu.

Siku moja, akiteremka, akasikia mlio nyuma. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayesaga mahindi kwenye jiwe, chumba cha pili, mlango umefungwa. Unasaga kidogo, unanyamaza, unasaga tena. Tuvako akasimama, akazunguka. Akatafuta jiwe lililonasa, hakuliona. Akakaza kamba ya koleo lililofungwa pembeni, akakaza na bomba la moshi kwa waya. Safari iliyofuata mlio ukamsubiri pale pale kwenye kona za mteremko. Akadhani ni tairi, akahamisha za kulia kushoto na za kushoto kulia. Mlio haukuhama. Akafungua difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kuangalia oili, akaipaka kidoleni, akaitazama juani akitafuta chembe za chuma. Ilikuwa safi. Basi akajua kwamba difu haina neno, lakini kitu kwenye ekseli ile ya nyuma kinakufa polepole, naye ndiye anayekiendesha.

Akaenda kwa mwenyekiti wa chama, Kadeghe. Huyu alikuwa mtu wa kusifiwa kwa subira. Ukimweleza jambo alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu, na watu wakaamini kwamba anatafakari. Kadeghe akafumba macho, akatikisa kichwa, akaruhusu gari lipelekwe kwa fundi Mkomwa, mjini tambarare.

Hapa ndipo mwelewe desturi ya Mbaghani. Zamani gunia moja la chama lilipata kupotelea gereji. Tangu hapo kamati ikaamua kwamba gari linalokwenda kwa fundi lishushwe kila kitu, hadi tairi la akiba na koleo. Kisha lioshwe. Koko Nakijwa, bibi mkulima wa tangawizi ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko zao lake, alisema gari lile linaogeshwa kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Watu walicheka, lakini waliendelea kuliosha, na Tuvako aliliosha kwa bidii kuwapita wote.

Fundi Mkomwa hakuwa kanjanja. Alilizungusha gari mjini, akarudi. Akaliinua nyuma kwa jeki, akaweka ncha ya nondo kwenye ekseli na ncha ya pili sikioni, msaidizi akazungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka kama la cherehani. Akafanya upande wa pili, vivyo hivyo. Akamwambia Tuvako kwamba gari ni zima, labda barabara yao ndiyo inayolia.

Tuvako akarudi, akapakia, akateremka. Kona ya pili tu, jiwe likaanza kusaga, na safari hii mlango ulikuwa wazi.

Akashusha, akaosha, akarudi kwa fundi. Kimya. Akaenda tena mwezi uliofuata, gari likimeta kama la harusi. Kimya. Mara hiyo Mkomwa alimpa kigoda na maji ya kunywa, kama mtu anayemhurumia. Kadeghe mwenyewe naye akakubali kupanda, wakaenda hadi kona ya shule na kurudi, wawili tu na gari lao safi. Alichosikia mwenyekiti ni Tuvako akimeza mate.

Maneno ya mlimani hayana haja ya gari, hupanda yenyewe. Tuvako alikuta yamefika kabla yake. Wanaume wakawa wanamuuliza gari limesemaje leo, limeomba uji au limeomba chai. Wengine wakasema amechoka na mlima, anatafuta siku za kukaa mjini bure. Wengine, na hao ndio wabaya, wakasema karibu na gereji ile kuna mama mmoja mpika chapati. Hilo likamfikia mkewe. Mkewe akaanza kumwekea chakula na kuondoka.

Tuvako akazidi kunyamaza. Watu wakaona anakubali.

Mwisho kamati ikaita mkutano kwenye ghala la tangawizi. Kadeghe akasimama, safari hii macho wazi, akasema chama kimechoka. Fundi kasema gari zima, yeye mwenyekiti kalipanda na kulisikia ni zima, na aliyebaki ni mtu mmoja na mlio wake. Anaeli, mpwa wake, alikuwa na leseni na hakuwa na kazi. Tuvako aweke ufunguo mezani, akapumzishe masikio.

Mlimani kule, mtu akiitwa muongo mbele ya mkutano haendi na neno lile peke yake. Watoto wake hurithi. Binti akija kuchumbiwa, watauliza ni wa yule dereva wa mlio? Tuvako aliuona ufunguo mkononi mwake, akajua kwamba akiuweka pale mezani anaweka na jina lake. Nyuma ghalani mtu akanguruma kwa mdomo, akiigiza gari. Ghala zima likacheka.

Hapo kitu kikampanda Tuvako kutoka kwenye nyayo. Waliokuwepo walisimulia kwamba sauti iliyotoka hawakuijua, wengine wakageuka kutazama mlangoni nani ameingia.

"Nani amecheka?" akasema.

Macho yakashuka sakafuni.

"Nimeuliza nani amecheka. Maana mlipokuwa mnampelekea mke wangu maneno mlikuwa na midomo. Wewe, Mrutu, uliyesema nina mpika chapati, simama. Na wewe unayenguruma hapo nyuma, baba mzima, toka uje ungurume hapa mbele yangu."

"Tuvako, heshima," akasema Kadeghe.

"Heshima ipi, mwenyekiti? Mwezi wa ngapi huu nakwambia gari linakufa, wewe unasinzia mbele yangu na kutikisa kichwa? Ufunguo utaupata. Lakini kwanza mtapanda. Wote mliocheka, pandeni. Nitawateremsha mlima mmoja tu, na kama halikulia, nitajiita muongo kwa mdomo wangu, na Anaeli aje achukue ufunguo na koti langu."

Unajua watu na gari la bure. Wakatoka mbio. Wengine walipanda kwa ubishi, wengine kwa raha, na wengine kwa sababu kubaki chini kungekuwa kudai kwamba hawakucheka, na hilo lisingeaminika. Wakajaa ndani, wakasimama nyuma, wakaning'inia pembeni kama mikungu. Mrutu peke yake alikuwa na uzito wa magunia mawili. Koko Nakijwa akasukumwa ndani akiwalaani waliomsukuma, ingawa ni yeye aliyeomba. Kadeghe akakaa mbele, mikono magotini. Gari likakaa chini kwenye springi zake, likaguna.

Tuvako hakuendesha kwa fujo. Hasira yake ilikuwa ya mwendo wa taratibu, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Nyuma wakaanza kuimba wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, wakipiga makofi. Kona ya kwanza ilikata kulia. Gari likapita kimya, wimbo ukapanda.

Kona ya pili ilikata kushoto.

Jiwe likasaga. Lilisaga chini ya miguu yao, likapanda kwenye nyonga, likatetemesha meno ya waliokuwa wanaimba. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Imbeni," akasema Tuvako. "Mbona hamuimbi?"

Akawapeleka hadi uwanja wa kuanikia tangawizi, mahali pa tambarare, akazunguka kulia. Kimya. Akageuza akazunguka kushoto. Kilio. Akarudia, kulia kimya, kushoto kilio, huku akisema kwa meno yaliyokazana kwamba gari likikata kushoto mzigo huegemea kulia, na kinacholia ni kile kilichoegemewa. Ni beringi ya gurudumu la nyuma kulia, zile gololi zinazolibeba likizunguka. Akazima injini.

Kadeghe akashuka wa kwanza. Kiongozi hapendi kushindwa mbele ya wapwa, kwa hiyo akasema kwamba gari lolote likijazwa watu namna ile litalia tu, wala hakuna kilichoharibika. Na ili kuwaonyesha, akaweka kiganja chote katikati ya gurudumu lile la kulia. Alikiondoa upesi kuliko alivyokiweka. Grisi ilikuwa imeyeyuka na inachuruzika hadi kwenye tairi.

Watu wakasubiri Tuvako acheke. Hakucheka. Alikuwa amesimama anatazama sehemu ya nyuma ya gari, pale magunia hukaa, na uso wake ulizidi kuwa mbaya.

"Nimekwenda kwa fundi mara zote na gari tupu," akasema. "Mkasema nishushe, nikashusha. Mkasema nioshe, nikaosha. Mkomwa angesikia nini? Alisikiliza gari ambalo halikubeba hata koleo. Na mimi, mpumbavu, nilikuwa nasugua bodi huku linanifia." Akapiga turubai kwa ngumi. "Shukeni wote. Linarudi tupu."

"Tutapandaje mlima wote huu?" akauliza Mrutu.

"Kwa heshima," akasema Tuvako.

Wakapanda kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na wengi walikuwa wamevaa viatu vya mkutano. Nyuma yao Tuvako akaliwasha gari, akaja kwa mwendo wa kinyonga, na alipowafikia wakajisogeza pembeni. Likawapita. Kona ya kushoto, kona ya kulia, halikukohoa. Lilikwenda kimya kama lililotoka kiwandani asubuhi ile.

Kadeghe alikuwa amefunga kiganja kwa leso. Maumivu na aibu vikikutana, mtu hutafuta wa kumlaumu. Akaanza kulalamika kwamba la gari sawa, ubovu umeonekana, litatengenezwa, lakini Tuvako amevuka mpaka. Miaka yote mtu mpole, hana neno na mtu, leo anamwita mwenyekiti msinziaji mbele ya wakwe. Tabia hiyo kaitoa wapi?

Koko Nakijwa alikuwa anapanda nyuma yake, anatweta, viatu mkononi. Akasimama apate pumzi ya kusema.

"Kaitoa wapi, unauliza. Mwenyekiti, debe tupu huvuma, gari tupu hunyamaza. Tulimsikiliza Tuvako miaka yote hana mzigo, tukasema mpole. Mwaka huu tukampakia uongo, tukampakia mpika chapati, tukamnyima hata uso wa mkewe. Kisha tunashangaa analia. Na wewe ni hivyo hivyo. Kabla ya shida hii nani alikuwa na subira kama yako?"

Kadeghe akakaza leso kiganjani, akaendelea kupanda.

Mkomwa alipofungua gurudumu lile la kulia, beringi ilimwagika mkononi vipande vipande. Akasema safari chache zaidi za mzigo, gurudumu lingetoka na shafti yake, na mahali ambapo lingetokea wote walipajua, kona ya kushoto, upande wenye bonde. Ufunguo ukabaki kwa Tuvako. Radhi aliombwa ghalani, mbele ya watu wale wale, na aliipokea bila tabasamu. Mkewe ndiye aliyecheka usiku, aliposimuliwa walivyopanda mlima kwa miguu, na ndipo Tuvako naye akalegea. Tangu hapo, ukipeleka gari kwa Mkomwa likiwa safi, hakuulizi linalia wapi. Anakuuliza mzigo wake umeuacha wapi, na anakurudisha ukaulete.

Maneno ya Koko Nakijwa yakateremka mlima, yakaingia sokoni, na kutoka sokoni yakaingia kwenye nyumba zenye mabinti. Kwa hiyo mama Nietiwe hakuchanganya. Wala hakusema kijana yule ni mbaya. Amesema hajapakiwa. Mpelekeni kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kutengeneza barabara, mvua ikinyesha, mumpe jembe lenye mpini uliolegea, mcheleweshe chakula chake, na mtu amsingizie jambo mbele ya wakwe. Kisha kateni kona ya kushoto naye, mtege sikio. Akinyamaza hapo, mpeni binti. Kwa sasa mnachosifu ni ukimya wa kukosa mzigo, na huo hata lile gari la Mbaghani lilikuwa nao: debe tupu huvuma, gari tupu hunyamaza.